Kindle ya mtumba inakusumbua? Usiitupe na usikimbilie fundi, fanya haya kwanza

Ndugu zangu wapenda kusoma, hizi Kindle za mtumba, vile vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali vya kampuni ya Amazon, saivi ziko mikononi mwa watu wengi, mwingine kaletewa na shangazi yake kutoka Uingereza, mwingine kanunua Kariakoo kwenye maduka ya simu used, mwingine kaikuta inauzwa kwenye grupu, alafu baada ya muda mfupi inatupwa kabatini kwa sababu eti "imekufa" au "haifungui vitabu". Nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu nyingi ya hizo hazijafa kabisa. Tatizo huwa liko sehemu tatu, waya, akaunti ya mwenye nayo wa zamani, na aina ya faili unalolilazimisha liingie, na zote tatu unazimaliza mwenyewe nyumbani bila bisibisi. Inaniuma sana kuona mtu anaacha kusoma kwa ajili ya waya mbovu.

Kwanza uelewe kioo chake

Kioo cha Kindle hakifanyi kazi kama cha simu, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Ndani yake kuna vidonge vidogo mno usivyoweza kuviona kwa macho, vina chembe nyeupe na nyeusi, umeme ukipita zile chembe zinapanda au zinashuka na herufi inajitokeza, na ikishajitokeza inabaki palepale hata umeme ukikatika. Teknolojia hii ni ya E Ink, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 na watu waliotoka chuo cha MIT, na Kindle ya kwanza kabisa ilitoka Novemba 2007. Sasa maana yake kwako wewe ni hii, ukiona picha kwenye kioo usidhani ndo imewaka, na picha isipobadilika usidhani ndo imeharibika. Chaji inaweza kuwa imeisha kabisa na picha bado ipo imetulia tuli, we unabonyeza, unabonyeza, haitikisiki, unasema kioo kimeganda, kumbe kilichoisha ni chaji tu.

Na vile vivuli vya ukurasa uliopita vinavyobaki kwa mbali nyuma ya maandishi, huo sio ugonjwa. Ni tabia ya kioo hiki. Ingia kwenye setingi, sehemu ya kusoma, tafuta palipoandikwa Page Refresh uiwashe, kioo kitakuwa kinajisafisha kila ukifungua ukurasa. Chaji itakwenda haraka kidogo ila maandishi yanakuwa masafi.

Waya, chaji, na sekunde 40

Karibu Kindle zote za kabla ya 2021 zinatumia lile tundu la chaja ndogo ya zamani, sio Taipu C. Nyumba nyingi zina waya wa namna hiyo umelala droo mwaka wa ngapi sijui, na hapo ndo shida inapoanzia, maana waya wa zamani ukikunjwa kunjwa unakatika kwa ndani wakati kwa nje unaonekana mzima. Chomeka uangalie kile kitaa kidogo karibu na kitufe cha kuwashia. Kikiwaka rangi ya chungwa inapokea chaji, kikiwa kijani imejaa. Kisipowaka usiseme imekufa, badilisha waya, badilisha na kichwa cha chaja, tumia kile cha kawaida, hiki kifaa hakihitaji chaja ya moto sana. Bado kimya? Chungulia tundu kwa tochi. Vumbi la mfukoni na nyuzi za begi zinajazana mle ndani mpaka pini haizami mpaka mwisho, zitoe taratibu kwa njiti ya meno, ya mti, usitumie sindano.

Kama ilikaa muda mrefu bila chaji, ichomeke uiache. Betri iliyoishiwa kabisa inaweza kuchukua hata zaidi ya saa nzima bila kuonesha chochote kwenye kioo, kwahiyo kuichomeka dakika kumi, kuichomoa na kuijaribu hakukwambii kitu. Ichomeke jioni uione asubuhi, na kama umeme wa kwenu unakatika katika basi hesabu masaa iliyochaji kweli, sio masaa iliyokuwa ukutani.

Ikishapata chaji na bado imeganda, irestati. Shika kitufe cha kuwashia usikiachie kwa sekunde 40. Narudia arobaini, maana watu wanaachia wakifika kumi wakiona kuna maandishi yametokea kwenye kioo. Hata maandishi yakitokea wewe endelea kushikilia, itazima yenyewe, kioo kitakuwa cheusi alafu utaona ile picha ya mtoto amekaa chini ya mti. Hapo ujue iko hai. Ikikwama kwenye huo mti haiendelei, irudishe kwenye chaji usiku kucha ufanye tena zile sekunde 40. Ikigoma na hapo, sasa ndo unaweza kuongelea fundi, na umwambie kabisa unashuku betri, asianze kupekua kioo.

Kuna jambo lingine linalowapa watu presha, mtu kaipata Kindle yake kwa furaha, siku hiyohiyo kaingiza vitabu mia tatu kwa mpigo, kesho yake inakwenda kama konokono na chaji inaisha kwa siku moja wakati aliambiwa inakaa wiki. Betri yako nzima. Kila kitabu kinachoingia, kifaa kinakipitia neno kwa neno kukipanga ili baadae ukitafuta neno kikupe jibu, na kazi hiyo inakula umeme. Iache kwenye chaja usiku, itamaliza. Ikipita siku kadhaa bado nzito, basi kuna faili moja bovu limeikwamisha. Nenda sehemu ya kutafuta, andika herufi za ovyo tu ambazo haziwezi kuwa kwenye kitabu chochote, mfano xqzxq, kwenye Kindle nyingi za zamani itakuletea orodha ya vitabu ambavyo bado haijavipanga. Kile kinachobaki kwenye orodha kila siku ndo mbaya wako, kifute, restati, utaona inavyopumua.

Akaunti, na hapa uwe mkali kabla hujatoa hela

Kama bado hujanunua, soma hapa mara mbili. Kindle inafungwa kwenye akaunti ya Amazon ya mtu, na kama mwenye nayo aliripoti kwamba imeibiwa au imepotea, Amazon wanaifungia, haisajiliki tena kwenye akaunti nyingine. Muuzaji atakwambia "utaweka tu akaunti yako nyumbani". Usikubali. Mwambie aiondoe akaunti iliyopo palepale mbele yako, kwenye setingi panaitwa Deregister, alafu wewe uwashe hotspoti ya simu yako na usajili kwa akaunti yako mwenyewe hapohapo dukani. Akaunti unafungua bure kwa imeili, kadi ya benki hailazimishwi kama hununui vitabu. Ikikubali, lipa. Ikikataa na paswedi yako ni sahihi na mtandao upo, mrudishie kifaa chake kwa heshima uondoke.

Na kama tayari unayo na ina jina la mtu mwingine juu kabisa, labda "Kindle ya Susan", na vitabu vyake vyote vimo, jamani iondoe hiyo akaunti. Akaunti ikiwa na kadi, ukigusa kitufe cha kununua unakata hela ya mtu asiyekujua, na yeye akija kuigundua anaweza kuiondoa au kuiripoti ukabaki na kibao cha kukatia vitunguu. Jisajili kwa jina lako, uwe huru.

Umri pia uangalie. Mimi sikushauri ununue ya mwaka 2012 kurudi nyuma. Zile nyingi zilitakiwa kupata apdeti maalum kabla ya tarehe 22 Machi 2016 ili ziendelee kuingia mtandaoni, na ambazo zililala kabatini kipindi hicho hazijiapdeti zenyewe, lazima udaunlodi faili kwa kompyuta uliingize kwa waya. Ni usumbufu usiohitaji.

Hotspoti haionekani

Hili peke yake limefanya watu waseme waifai ya Kindle imekufa. Kindle nyingi za kabla ya 2021 zinashika masafa ya 2.4 GHz peke yake, na simu nyingi za sasa hotspoti yake inatoa 5 GHz, kwahiyo simu ya jirani inaiona, laptopu inaiona, Kindle haioni kitu. Kwenye simu ya Android ingia kwenye setingi za hotspoti, tafuta masafa, chagua 2.4. Kwenye iPhone kuanzia 12 kuna kitufe kimeandikwa Maximize Compatibility, kiwashe. Ukiwa hapohapo angalia na aina ya ulinzi, ikiwa WPA3 ibadilishe iwe WPA2, vifaa vya zamani havimjui huyo wa kwanza. Nimeona mtu ameshaandika tangazo la kuuza kifaa chake kwa bei ya kutupa, tukagusa masafa tu, ikashika.

Na kama unalinda bando, ukimaliza kupokea vitabu weka hali ya ndege. Chaji inakaa mno ukifanya hivyo, na apdeti hazikuvamii.

Vitabu vinaingiaje

Hapa ndo kwenye malalamiko mengi kuliko kote. Kuna EPUB na kuna PDF, vyote ni vitabu ila havifanani tabia. EPUB maandishi yake yanatiririka, ukikuza herufi yanajipanga upya kufuata ukubwa wa kioo. PDF ni ukurasa uliogandishwa vile ulivyochapwa, na nyingi zimechapwa kwa ukubwa wa A4, sasa ukurasa wa A4 ukiulazimisha kwenye kioo cha inchi sita unategemea usome nini? Herufi zinakuwa kama sisimizi. Ukikuza inabidi uburute kushoto kulia kila mstari mpaka unachoka na kitabu chenyewe.

Kwahiyo ukipata uchaguzi, chukua EPUB siku zote. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ambayo ilianza 1971 na vitabu vyake vingi ni vile ambavyo hakimiliki imeisha Marekani, karibu kila kitabu kina EPUB ya bure.

Kuna kitu kinachowachanganya watu, EPUB ukiicopy kwa waya moja kwa moja kwenye Kindle haitaonekana. Haijaharibika, Kindle haifungui EPUB iliyoingia kwa njia hiyo. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kutuma kwa imeili. Kila Kindle iliyosajiliwa ina imeili yake inayoishia na @kindle.com, utaiona kwenye setingi, sehemu ya akaunti yako. Unaituma EPUB kama unavyotuma CV, inabadilishwa huko huko, ukiwasha waifai inashuka. Tangu 2022 Amazon wanapokea EPUB, na faili za MOBI, ile aina ya zamani ya vitabu vya Kindle, hawazitaki tena. Lakini lazima kwanza uingie kwenye akaunti yako ya Amazon kwa kivinjari, sehemu ya mapendeleo ya nyaraka binafsi, uandike imeili unayotumia kutuma ili iruhusiwe, usipofanya hivyo faili halifiki, na utaona kama mtandao unakuonea. Mwisho ni MB 50 kwa imeili moja. Kikizidi hapo tumia ukurasa wao wa Send to Kindle, unapokea mpaka MB 200.

Ya pili, kwa wenye kompyuta, ni programu inaitwa Calibre, ya bure, Kovid Goyal alianza kuitengeneza 2006 na mpaka leo inaapdetiwa. Unaburuta kitabu ndani yake, unachomeka Kindle kwa waya, unabonyeza kitabu na kuchagua kukituma kwenye kifaa, yenyewe itakuuliza ikibadilishe, unakubali, imeisha. Hakuna bando linalotumika. Sasa kama kompyuta haioni Kindle kabisa, rudi kwenye waya. Kuna waya zinapitisha chaji tu, hazipitishi data, zipo nyingi zile zinazokuja na redio na taa za sola. Jaribu waya huohuo kuhamisha picha kutoka kwenye simu yenye tundu kama hilo, isipokubali mbaya ni waya.

Vitabu unavyonunua Amazon wenyewe, vile huvipakui tena kwa kompyuta na kuvihamisha kwa waya, waliiondoa huduma hiyo Februari 26, 2025. Vinashuka kwa waifai tu, ndo maana nimesisitiza mambo ya hotspoti pale juu.

Umelazimika kutumia PDF, ufanyeje

Maana ukweli ni kwamba huku kwetu vitu vingi ni PDF. Vitabu vya shule, notsi za chuo, na waandishi wetu wengi wanaouza sofutikopi, unamlipa kwa M-Pesa anakutumia PDF WhatsApp.

Anza kwa kujua PDF yako ni ya maandishi au ya picha. Ifungue kwenye simu au kompyuta, jaribu kuchagua neno moja kama unataka kulicopy. Neno likishikika ni maandishi. Lisiposhikika, huyo ni mtu alipiga picha kurasa akaziunganisha, na hakuna kubadilisha kwa kawaida kutakakosaidia.

Ya maandishi itume kwa imeili kama nilivyosema ila kwenye kichwa cha imeili andika neno Convert, peke yake. Itageuzwa iwe ya kutiririka. Riwaya inatoka vizuri, ila majedwali, hesabu na vitabu vyenye safu mbili vinavurugika, usipoteze muda navyo. Hivyo pamoja na vile vya picha, geuza kifaa kilale usome nusu ukurasa nusu ukurasa, au tumia programu ya k2pdfopt kwenye kompyuta, inakata pembezoni nyeupe na kupanga mistari upya iingie kwenye kioo kidogo. Kwa mwanafunzi mwenye notsi za picha nzito, mimi ningesema asome kwenye tableti tu, Kindle aibakize kwa vitabu vya kusoma mfululizo.

Na nyie waandishi wetu, naomba kwa dhati, mkiuza sofutikopi muwe na EPUB pembeni. Ile faili yako ya Word, Calibre hiyohiyo inaitoa EPUB. Msomaji wako ana simu ya inchi sita, amekulipa, anaacha kitabu ukurasa wa nne sio kwa sababu kibaya, ni kwa sababu macho yanamuuma. Na nyie mnaozipokea, mkiifowadi bure kwenye magrupu mnamnyima mwenzenu riziki.

Kiswahili kwenye kioo kidogo

Hili sijaona likisemwa sana. Maneno yetu ni marefu, "walivyotutambulisha" ni neno moja, na Kindle kwa kawaida inanyoosha mistari pande zote mbili. Neno refu lisipoenea mwisho wa mstari linashuka chini, yanayobaki juu yanavutwa kujaza nafasi, unapata mapengo makubwa katikati kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Gusa juu ya ukurasa, nenda kwenye Aa, sehemu ya mpangilio, chagua maandishi yaanzie kushoto tu. Punguza na pembezoni. Utashangaa ukurasa wa Kiswahili unavyotulia.

Kioo kikipasuka

Hapo sitakudanganya. Kioo cha e-ink ndani yake ni kigae chembamba, kikikaa kwenye begi na funguo alafu daladala ikabana, kinapasuka kwa ndani na juu huoni hata mkwaruzo, unaona mistari isiyotoka au robo ya ukurasa imeganda. Restati haisaidii. Mara nyingi kununua kioo kingine na kumlipa fundi inakaribia bei ya kupata mtumba mwingine, kwahiyo nunua kava ngumu siku ileile unayonunua kifaa, na usiiache kwenye dashibodi ya gari juani.

Wakati unajipanga, simu yako inatosha kusomea. ReadEra ni apu ya bure, haina matangazo, inafungua EPUB na PDF. Kitabu ulichotumiwa WhatsApp kama hukioni, kwenye simu za Android za sasa kimejificha ndani ya folda la Android, kisha media, kisha com.whatsapp, endelea mpaka WhatsApp Documents, kihamishie kwenye Download ukae nacho vizuri. Na kama una mzazi macho yamechoka, kwenye simu hiyohiyo ingia setingi za kusoma maandishi kwa sauti, chagua injini ya Google, pakua sauti ya Kiswahili, alafu kwenye ReadEra bonyeza alama ya sauti, atasomewa kitabu chake huku amepumzika, mradi tu kisiwe PDF ya picha.